Titanic: bilioni mbili na ushei, ni za nani?

Swali: "Shikamoo. Mimi na kaka yangu tumebishana kuhusu Titanic mpaka tumenuniana. Kwanza, kila ninaposoma nakuta hesabu tofauti: huku dola bilioni 1.84, kule 2.18, kwingine 2.26. Ipi ndiyo yenyewe? Pili, kaka anasema hela zote hizo walizibeba mwongozaji James Cameron na studio yake. Mimi nasema haiwezekani. Tatu, na hili ndilo lililotukosanisha, anadai watu dunia nzima walilipia kuona meli ikizama, mapenzi yalikuwa chachandu tu. Mimi nasema bila Jack na Rose meli ile ingezama pamoja na pesa za watu. Tuamulie."

Marahaba, dada. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ugomvi wenu wa tatu hauamuliki mpaka tukubaliane tunahesabu nini.

Idadi zote tatu ni sahihi. Ni filamu moja iliyopimwa nyakati tatu. Titanic iliingia kwenye kumbi za Marekani tarehe 19 Desemba 1997, ikakaa humo mpaka mwanzoni mwa Oktoba 1998. Katika safari hiyo ya kwanza iliuza tiketi za karibu dola milioni 601 Marekani na Kanada, na za bilioni 1.24 nje, yaani kwingine kote. Jumlisha, utapata 1.84. Aprili 2012, meli yenyewe ilipotimiza miaka 100 tangu izame, filamu ilirudishwa ikiwa imegeuzwa kuwa ya 3D, ikaongeza kama milioni 343. Hapo ndipo 2.18 ilipozaliwa. Februari 2023 ikarudi tena kwa kutimiza robo karne, ikaongeza kama milioni 70, na ukitia na marudio madogo madogo ya katikati unafika 2.26. Anayetaka kujua watu waliipokeaje ilipokuwa mpya ashike 1.84. Anayetaka kuipanga kwenye orodha ya filamu zilizouza kuliko zote ashike ya mwisho, ila ajue kwamba anajumlisha dola za vizazi viwili kana kwamba zina uzito mmoja.

Kaka yako akija na hoja kwamba kurudisha filamu ni ujanja wa kuvimbisha hesabu, mwambie mchezo huo una umri kuliko sisi sote. Gone with the Wind ya 1939, ambayo nayo ni ya mapenzi na maafa, ilirudishwa kwenye kumbi mwaka 1947, 1954, 1961, 1967 na mara nyingine baada ya hapo. Enzi ambazo hapakuwa na video nyumbani, kurudisha filamu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuiona tena.

Na hapo kwenye neno "nje" pana mtego mdogo. Wahesabuji wa Hollywood wanaposema soko la ndani wanawaweka Marekani na Kanada kapu moja; nje ni dunia yote iliyobaki. Kwa hiyo aliyenunua tiketi yake Toronto kahesabiwa kuwa mwenyeji. Kwa mgawanyo huo, katika safari ya kwanza theluthi mbili ya mapato ya Titanic yalitoka nje. Leo hilo halimshangazi mtu. Mwaka 1998 liliwashangaza wengi, maana filamu iliyokuwa ikiongoza duniani kabla yake, ile ya dinosaria ya Steven Spielberg ya 1993, ilikuwa imeishia kwenye milioni 914 kwa dunia nzima. Titanic ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuvuka bilioni moja, na ilivuka mwanzoni mwa Machi 1998 ikiwa bado ina miezi saba ya kuishi kwenye kumbi.

Sasa niingie penye utamu. Hizo bilioni za nje hazikuanza maisha zikiwa dola. Zilikuwa yen, faranga, won, marki, pauni na yuan, kila moja ikabadilishwa kwa kiwango cha siku hizo. Dola ni lugha tunayotumia ili tuweze kujumlisha, na kama tafsiri yoyote inapoteza kitu njiani.

Tuchukue Japani. Titanic iliuza huko tiketi za takriban yen bilioni 26.2, rekodi iliyokaa mpaka mwaka 2001 ilipoangushwa na katuni ya Hayao Miyazaki. Mwaka 1998 dola moja ilikuwa inacheza kwenye yen 130 hivi, kwa hiyo bilioni hizo zilisomeka kama dola milioni 200. Lakini mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yen 80. Watu wale wale, viti vile vile, machozi yale yale, vingeandikwa kuwa zaidi ya dola milioni 325. Tofauti ya milioni 125 bila hata Mjapani mmoja kuongezeka mlangoni! Tena Japani ina mkorogo wake mwingine: mpaka mwisho wa miaka ya 1990 watu wa sinema kule walikuwa wakitangaza fungu la msambazaji, siyo pesa yote iliyopita dirisha la tiketi. Walianza kutangaza mapato kamili mwaka 2000. Ndiyo maana ukisoma vyanzo vya zamani utakuta Titanic imepewa yen bilioni 16, na mtu asiyejua anadhani kuna aliyedanganya.

Korea Kusini ni kisa cha kusikitisha zaidi. Titanic iliwasili huko mwanzoni mwa 1998, nchi ikiwa imetoka tu kuomba mkopo wa kujinusuru kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Won, ambayo katikati ya 1997 ilikuwa chini ya 1,000 kwa dola, ilikuwa imevuka 1,500. Wananchi walikuwa wakitoa pete zao za dhahabu kulisaidia taifa, na wapo waliohimiza filamu hii isusiwe, wakisema kila tiketi ni dola inayotoroka. Pamoja na hayo yote, zaidi ya tiketi milioni 4 ziliuzwa. Ukizisoma kwa dola utasema Wakorea hawakuipenda sana. Ukizisoma kwa vichwa vya watu utaona kwamba ni filamu yao wenyewe, Shiri ya 1999, iliyokuja kuipita, na kuipita huko kukasherehekewa kama ushindi wa timu ya taifa.

Ndiyo maana nawapenda Wafaransa kwa jambo hili moja: wao huhesabu tiketi. Hawana haja ya kujua faranga ilikuwa ngapi. Titanic iliuza zaidi ya tiketi milioni 20 Ufaransa katika safari yake ya kwanza, kwenye nchi ya watu kama milioni 60. Ni tiketi moja kwa kila watu watatu, wachanga na wazee wasiotoka nyumbani wakiwemo. Rekodi iliyokuwapo, ya kichekesho cha vita cha mwaka 1966 kiitwacho La Grande Vadrouille, ilikuwa na tiketi milioni 17 na ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 30. Marekani kwenyewe, bei ya wastani ya tiketi mwaka 1998 ilikuwa dola 4.69. Gawanya milioni 601 kwa hiyo, unapata kama tiketi milioni 128. Weka idadi hiyo kando, nitairudia.

China inahitaji aya yake peke yake. Wakati ule serikali iliruhusu filamu 10 tu za kigeni kwa mwaka ziingie kwa utaratibu wa kugawana mapato. Titanic ikawa mojawapo katika majira ya kuchipua ya 1998, na Rais Jiang Zemin mwenyewe akaisifu hadharani. Hakuna studio inayoweza kununua tangazo la namna hiyo. Ikauza kama yuan milioni 360, yaani dola milioni 43 na ushei kwa kiwango cha wakati huo. Miaka 14 baadaye, toleo la 3D liliuza huko zaidi ya dola milioni 140. Soma tena: marudio yaliuza zaidi ya mara tatu ya uzinduzi, na katika milioni 343 za marudio ya dunia nzima, zaidi ya asilimia 40 zilitoka nchi hiyo moja. Kuna waliokuwa watoto mwaka 1998 na sasa wana mishahara. Kuna maelfu ya kumbi mpya zilizojengwa katikati ya safari hizo mbili. Na kuna tiketi ya 3D, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida. Wachina waliolipa hata hawakupata filamu nzima, maana tukio la Rose kuchorwa lilipitiwa na mkasi wa wakaguzi.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, na hapa nakupa ushindi wa moja kwa moja. Kaka yako amekosea.

Pesa inayotangazwa ni ile iliyopita dirishani, kabla mtu yeyote hajala. Kutoka hapo kodi inatoka kwanza. Ufaransa, kwa mfano, hukata kodi maalumu ya karibu asilimia 11 ya kila tiketi na kuipeleka kwenye mfuko wa kuendeleza filamu, wa Kifaransa hasa. Kwa hiyo Rose akilia pale kwenye ubao wake, kuna mwongozaji kijana Paris anapata mtaji. Sina hakika kama Hollywood walikuwa wanalifurahia hilo.

Baada ya kodi anakuja mwenye ukumbi. Marekani kwa kawaida mgawanyo unabadilika kila wiki: wiki ya kwanza studio inaweza kuchukua asilimia 60 au 70, na kadiri wiki zinavyosogea fungu linahamia polepole upande wa mwenye ukumbi. Kwa filamu nyingi haimfai kitu, maana likifika kwake watu wameshaondoka. Titanic iliwapa wenye kumbi kitu ambacho hawakukizoea, filamu iliyojaza viti wiki ya kumi wakati fungu limekuwa lao. Ongeza na bisi na soda, ambavyo studio haigusi hata senti. Kumbi nyingine zilionyesha nakala zao mpaka zikachakaa, Paramount, studio iliyoisambaza Marekani, ikalazimika kutuma mikanda mipya. Zilikuwa bado ni enzi za filamu ya milimita 35, jitu zito la saa tatu na dakika 14 linalosafirishwa kwa makasha.

Nje ya Marekani studio kwa wastani hubaki na kama asilimia 40 ya kilichopita dirishani, mahali pengine zaidi, mahali pengine pungufu. China ndiyo ya chini kabisa: mwaka 1998 fungu la studio ya kigeni lilikuwa asilimia 13 hivi, na makubaliano ya 2012 yakalipandisha hadi 25, sambamba na idadi ya filamu zinazoruhusiwa kupanda hadi 34. Kwa hiyo zile milioni 140 za 3D zilizotutoa macho ziliacha mkononi mwa studio kama milioni 35. Siyo haba, maana kuigeuza filamu yote kuwa 3D kuligharimu takriban milioni 18. Ila usije ukaziweka sawa na milioni 140 za Marekani.

Nikipiga hesabu ya mkono kwa safari ya kwanza, bilioni 1.24 za nje ziliacha kama nusu bilioni kwa msambazaji, na milioni 601 za nyumbani zikaacha kama milioni 300 na kitu. Tuseme milioni 800 kwa jumla. Humo toa dola milioni 200 za kutengeneza, ambazo wakati ule hazikuwahi kutumika kwa filamu yoyote, toa nakala na matangazo ya dunia nzima. Kinachobaki ni kingi mno. Lakini ni mbali sana na bilioni 1.84.

Nacho hakikwenda kwa mtu mmoja. Filamu ilikuwa ya studio mbili. Fox ndiyo iliyoianzisha, gharama zilipoanza kupanda ikatafuta mwenza, na Paramount ikaingia kwa sharti kwamba haitatoa zaidi ya milioni 65 hata itokee nini. Ikapewa kusambaza Marekani na Kanada. Fox ikabaki na dunia nzima na mzigo wote wa kilichozidi. Mwaka 1997 kila mtu alimwonea Fox huruma. Filamu ilipangwa kutoka Julai, ikachelewa mpaka Desemba, na magazeti yalikuwa yameshaiandikia tanzia. Cameron mwenyewe, bajeti ilipofumuka, alisamehe ujira wake wa uongozaji na fungu lake la faida. Ilipofanikiwa walikaa naye mezani upya, hakutoka mikono mitupu. Ila picha ya kaka yako ya mtu mmoja anayejaza bilioni kwenye gunia, hiyo haipo.

Kabla sijaenda kwenye ugomvi wenyewe, kuna kundi moja halimo kabisa kwenye hesabu hizi: waliotazama kwa kanda. Marekani mkanda wa video ulitoka Septemba 1998, filamu ikiwa bado kwenye kumbi, tena kanda mbili kwa sababu moja haikutosha. Sehemu kubwa ya dunia ilimjua Jack kupitia kanda hizo, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka nakala iliyonakiliwa kutoka nakala, Rose akiwa na uso wa kijani. Hakuna hata mmoja wao aliyemo kwenye bilioni 1.84. Ukitaka kupima umaarufu wa filamu, mapato ya dirishani ni sakafu tu.

Haya, meli au mapenzi?

Kaka yako ana hoja, nisimvunje moyo. Watu walitaka kuona meli ile ikikatika. Lakini tunao ushahidi wa aina mbili, na wote unamwelemea.

Wa kwanza ni wa meli bila mapenzi. Mwaka 1980 ilitoka filamu kuhusu meli hiyo hiyo, Raise the Titanic, simulizi ya kuiibua kutoka chini ya bahari. Iligharimu takriban dola milioni 40 na Marekani ikauza kama milioni 7; mtayarishaji wake Lew Grade akatania kwamba ingekuwa nafuu kuishusha bahari ya Atlantiki. Mwaka 2006 ikaja Poseidon, meli kubwa ya abiria inapinduliwa na wimbi, mitambo ya kisasa ya picha, maji kila mahali. Bajeti milioni 160, mapato ya dunia nzima kama milioni 182. Kwa mgawanyo niliokueleza juu, hiyo ni hasara ya kutisha. Ukitaka upande wa pili wa shilingi, tazama Ghost ya 1990: bajeti ya kama milioni 22, hakuna hata mtumbwi, na iliuza zaidi ya milioni 500 duniani, nyingi zaidi zikitoka nje kuliko nyumbani.

Ghost na Titanic zinafanana kwa kitu ambacho sisi tuliolelewa na sinema za mtaani tunakielewa haraka kuliko wachambuzi wa Hollywood. Kanuni yetu ilikuwa stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Adui atamwaga risasi mpaka bunduki ipate moto, stelingi atatoka na mchubuko wa shavu. Halafu zinakuja filamu hizi ambazo stelingi anakufa, na kwenye Titanic anaganda kwenye maji mbele ya macho yako, na mpenzi wake anamwachia azame. Mtu anatoka ukumbini hajaamini. Asiyeamini hurudi, na akirudi haendi peke yake.

Huo ndio ushahidi wa pili, wa wanaorudi, na ndio ninaouheshimu zaidi. Filamu za kawaida huuza wikendi ya kwanza kisha zinashuka. Ikishuka kwa nusu, wenye nayo wanashusha pumzi. Filamu za mapenzi za leo hazina tofauti. The Fault in Our Stars ya 2014, ambayo kwa bajeti ya milioni 12 ilifanya maajabu na kufika milioni 307 duniani, ilifungua Marekani kwa milioni 48, wikendi ya pili ikaanguka kwa karibu asilimia 70, maana mashabiki wa kitabu walikuwa wameshakimbilia siku ya kwanza. Mwisho wake ilikuwa mara 2.6 ya wikendi ya ufunguzi. It Ends with Us ya 2024 ilifungua kwa milioni 50 na kumaliza kwa milioni 148, mara tatu hivi. Hizo ni filamu zilizofanikiwa!

Titanic ilifungua kwa milioni 28.6, ikimzidi James Bond mpya aliyetoka siku hiyo hiyo kwa milioni tatu hivi tu. Wikendi ya pili haikushuka. Ilipanda, milioni 35.5. Ya tatu, milioni 33. Ikashika nafasi ya kwanza wikendi 15 mfululizo. Na siku yake bora kuliko zote haikuwa Krismasi wala siku ya tuzo za Oscar 11. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 14 Februari 1998, zaidi ya wiki nane tangu itoke, ilipouza kama dola milioni 13 kwa siku moja. Muulize kaka yako kama meli kuzama kuna uhusiano wowote na sikukuu ya wapendanao. Meli ilizama Aprili.

Mwisho wa safari ilikuwa imeuza mara 21 ya wikendi yake ya kwanza. Zile tiketi milioni 128 nilizokuomba uziweke kando hazikununuliwa na watu milioni 128 tofauti. Wasichana walikwenda mara tatu, mara tano, wakiwavuta dada na mama zao, na bila shaka na kaka zao wakidai wanafuata meli tu.

Nje ilikuwa hivyo hivyo, ila kulikuwa na vitu vitatu vya kuipa kasi. Leonardo DiCaprio alikuwa ameshawateka wasichana wa Japani na kwingineko kwa Romeo wake wa 1996. Na wimbo wa Celine Dion ulikuwa redioni katika kila nchi, ukiitangaza filamu bure mara kadhaa kwa siku hata kwa wasiojua neno la Kiingereza. Kitu cha tatu ni hadithi yenyewe kutohitaji mkalimani: tajiri, maskini, mama mwenye tamaa, mchumba asiyefaa. Hapo ndipo filamu nyingi za mapenzi za Kimarekani hukwama zikivuka bahari. The Notebook ya 2004, ambayo leo kila mtu anadai aliilia, iliuza milioni 81 nyumbani na haikufika 40 nje. Sifa zake nyingi zilikuja baadaye, kwenye kioo cha nyumbani. Me Before You ya 2016, yenye hadithi ya Uingereza na iliyotoka kwenye riwaya iliyokuwa imeshatafsiriwa kwa lugha nyingi, ilikuwa kinyume chake: milioni 56 Marekani na kama milioni 150 nje, kwa bajeti ya milioni 20. Ukiniuliza mimi hazipishani sana kwa ubora. Moja ilivuka bahari, nyingine ilikwama.

Basi hukumu. Nampa kaka yako wikendi ya kwanza, na nampa pia wakosoaji waliosifia picha za maji. Tuseme Titanic ingekuwa filamu ya meli tu, nzuri, yenye bahati, ikamaliza kwa mara tatu ya ufunguzi wake kama wenzake. Marekani ingeishia kwenye milioni 86, Fox wangeuza fanicha, na nisingekuwa hapa nakujibu. Hizo 86 ni za kaka yako. Zilizobaki, kama milioni 515 za Marekani na Kanada peke yake, ni zako na Rose. Za nje mgawane wenyewe, ila yen mzibadilishe kwa kiwango cha 1998.